Umeisikia wapi?

Rekodi ya kwanza ya kikao cha kocha na mteja wake niliyopewa kuitahini ilikuwa ya dakika 38. Niliisikiliza mara moja, nikairudia nikiwa na nakala ya maandishi mbele yangu, nikajaza fomu yote ndani ya saa mbili. Nilimpitisha mtahiniwa karibu katika kila kigezo. Sauti yake ilikuwa tulivu, mteja wake alimaliza kwa kusema "asante sana, nimepata mwanga", na mimi mwenyewe nilifurahia kumsikiliza. Kesho yake nilikaa na mtahini aliyenitangulia kwa miaka mingi, mama ambaye sote tulimwita Mwalimu, tukapitia alama zangu moja baada ya nyingine. Penye kigezo cha kumsaidia mteja agundue jambo jipya kujihusu nilikuwa nimeandika "amefanya vizuri sana". Akaniuliza, "Umeisikia wapi?"

Nikamjibu kwamba imetapakaa katika mazungumzo yote.

"Nionyeshe mstari, mwanangu."

Nikaanza kupekua kurasa. Nilipekua mbele, nikarudi nyuma, na yeye akakaa kimya akinisubiri bila kunihimiza. Mstari sikuupata. Nilikuwa nimempa mtu alama kwa kitu nilichokihisi, na nilipotakiwa kukionyesha hakikuwepo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi wakisikia neno kocha wanafikiria uwanja wa mpira. Kocha wa kitaaluma anakaa na mtu mzima mwenye jambo lake, iwe ni kazi, uongozi au uamuzi mgumu, na kwa maswali na usikivu anamsaidia afikiri mpaka aione njia yake mwenyewe. Hampi maelekezo kama mshauri wa biashara, wala hamtibu kama mwanasaikolojia. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayosema nani ajiite kocha na nani asijiite, kwa hiyo vyama vya taaluma vimejiwekea ithibati zao. Kinachojulikana zaidi ni ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Lina ngazi tatu za cheti, kutoka ya chini hadi ya juu. ACC inataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja. PCC inataka saa 125 za mafunzo na saa 500 za kazi. MCC, ambayo huwezi kuiomba kabla hujapata PCC, inataka saa 200 na saa 2,500. Kuna pia saa 10 za kulelewa na kocha mzoefu, zikisambazwa kwa muda usiopungua miezi mitatu, na kuna mtihani.

Saa hizo ni nyingi, na mtu aliyezitimiza anastahili heshima. Lakini saa 500 zinathibitisha kwamba mtu amekaa na wateja saa 500, basi. Alichokifanya walipokaa hakimo ndani ya hesabu hiyo. Ndiyo maana huombwa rekodi ya kikao halisi, ya dakika 20 hadi 60, mteja akiwa ameridhia, pamoja na nakala yenye kila neno lililotamkwa. Mtahini anasikiliza na kusema kama umahiri unasikika.

Niliingia katika kazi hii kwa kuombwa. Nilikuwa na PCC, nilikuwa nimeshalea makocha kadhaa, na programu ya mafunzo niliyosomea ilikuwa inatafuta watahini wapya. Nilikubali haraka kwa sababu niliamini kwamba anayeijua kazi anaweza kuipima. Imani hiyo ilivunjika katika wiki ya kwanza ya mafunzo. Tulikuwa sita. Tulipewa rekodi moja, kila mmoja akatahini peke yake nyumbani, kisha tukakutana kulinganisha. Watatu tulikuwa tumempitisha yule kocha. Wawili walimwangusha. Mmoja hakuweza kuamua. Watu sita wenye uzoefu, sauti ileile, maneno yaleyale. Nakumbuka jinsi chumba kilivyotulia. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiria jambo lilelile, kwamba kama hivi ndivyo hali ilivyo, basi cheti cha mtu kinategemea fomu yake imeangukia mikononi mwa nani. Mtu amejinyima usingizi miaka miwili akikusanya saa zake, halafu hatima yake iamuliwe hivyo. Sikulala vizuri usiku ule.

Dawa ya tofauti ile ni kurudi kwenye vigezo na kuvisoma neno kwa neno. Mwaka 2019 ICF ilitangaza muundo mpya wa umahiri wa msingi wenye vipengele vinane, badala ya 11 vya zamani. Vinaanzia kwenye maadili ya kazi na mtazamo wa kikocha, vinapita kwenye makubaliano na mteja, kujenga uaminifu na usalama, kuwepo kikamilifu, kusikiliza kwa makini na kuibua utambuzi, mpaka kumwezesha mteja kukua. Kwa ngazi ya PCC viliandaliwa viashiria, yaani matendo madogomadogo ambayo sikio linaweza kuyakamata. Sharti hilo la sikio ndilo lililonibadilisha. Kiashiria hakiulizi kama kocha ni mtu mwema, wala kama mteja aliondoka na furaha. Kinauliza, kwa mfano, kama kocha alishirikiana na mteja kutambua anachotaka kukipata katika kikao hiki. Kama aliuliza mafanikio yataonekanaje. Kama aliuliza swali moja kwa wakati mmoja. Kama aliacha ukimya. Kama mteja ndiye aliyezungumza zaidi. Mambo hayo ama yamo ndani ya rekodi ama hayamo.

Turudi kwenye ile rekodi yangu ya dakika 38, maana Mwalimu aliniketisha nayo alasiri nzima.

Mteja alikuwa ameteuliwa kuongoza kitengo, na kila alipoutaja uteuzi ule aliuita "huu mzigo". Nilipohesabu baadaye, alilitamka neno hilo mara saba. Kocha hakuligusa hata mara moja. Mwanzoni mteja alisema, "Leo nataka nitoke hapa nikijua kama nikubali au nikatae." Kocha akajibu, "Vizuri sana, sasa tuangalie ujuzi unaouhitaji ili uongoze vizuri." Kwa sentensi moja uamuzi wa mteja ulikuwa umeshafanywa na mtu mwingine. Nilikuwa nimepita juu ya mstari ule mara mbili bila kuona kitu, kwa sababu kocha aliusema kwa upole na mteja hakulalamika.

Kisha tukafika dakika ya 14. Kocha anauliza, "Je, huoni kwamba ingefaa uanze kwa kuzungumza na mkuu wako?" Mimi nilikuwa nimelitia tiki, kwamba ni swali la kuibua utambuzi. Mwalimu akairudisha rekodi nyuma, akaniambia nifumbe macho, akaicheza tena. Halafu akauliza, "Mteja angeweza kujibu nini hapo?" Nikafikiri. Angeweza kusema ndiyo, au kujitetea kwa nini hataki. Basi. Lile lilikuwa shauri lililovalishwa alama ya kuuliza. Lugha yetu inaturahisishia sana jambo hili. "Huoni kwamba", "si ingekuwa bora", "kwa nini usi", zote zinapanda kama swali na kutua kama agizo, na ukizisema kwa heshima zinasikika kama busara. Tangu siku ile masikio yangu husimama kila ninapoyasikia maneno hayo, hata nikiwa mezani na watoto wangu.

Kocha yule hakupita. Ilibidi nifute fomu yangu na kuiandika upya, na iliniuma, maana nilimpenda.

Kumpenda mtahiniwa ni hatari ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na chuki, kumbe adui alikuwa kwenye upande wa mapenzi. Kuna sauti zinazonituliza, na wenye sauti hizo nilikuwa nawapa alama bila kujua. Kuna makocha wanaouliza maswali ninayoyauliza mimi, na nilikuwa nawaona mahiri. Na kuna machozi. Niliwahi kutahini rekodi ambayo mteja alianza kulia dakika ya tisa akimzungumzia marehemu baba yake, na nikaandika pembeni kwamba kikao hiki kimefika mbali. Niliporudi na kalamu nikaona kilichotokea baada ya machozi. Kocha alisema, "Pole sana, pole," akanyamaza kwa sekunde mbili, kisha akasema, "Haya, tulikuwa tunazungumzia ratiba yako." Mteja akajipangusa na kufuata. Ile pole ilikuwa ya kweli, sina shaka nayo, na nikaihesabu kama huruma iliyoonyeshwa. Lakini kilichomliza mteja kiliachwa barabarani. Kina nilichokisikia kilikuwa cha mteja na msiba wake. Kocha hakuwa amekigusa.

Kinyume chake pia kimenikuta. Kocha mmoja alikuwa na sauti kavu, bila madoido, mwenye maswali mafupi mno. "Nini kinakuzuia?" Kimya. "Na kingine?" Kimya tena. Dakika kumi za kwanza nilichoka naye. Niliposoma nakala niliona kwamba kila swali lake lilitumia neno la mteja mwenyewe, kwamba alisubiri, na kwamba katika dakika ya 22, baada ya ukimya wa sekunde 11, mteja alisema jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema kwa mtu. Nilizipima sekunde zile kwa saa. Sekunde 11 ukizisikiliza kwenye rekodi ni ndefu kama barabara ya jangwani, na kocha wa kawaida angezijaza kwa swali la pili. Yule alipita, tena bila ubishi, na nilishukuru kwamba sikuwa nimeandika alama yoyote kabla ya kusoma.

Kutokana na makosa hayo nimejitengenezea utaratibu ambao siuvunji. Mara ya kwanza nasikiliza bila kalamu. Mara ya pili nasikiliza na nakala, naandika dakika na maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba. Ukurasa wangu una safu mbili, nilichokisikia na nilichokihisi. Safu ya pili naiandika kwa uaminifu wote, kisha naifunika kwa karatasi wakati wa kutoa alama. Na sitahini zaidi ya rekodi mbili kwa siku. Nilipojaribu tatu, ya tatu ilipata adhabu ya uchovu wangu. Niliirudia baada ya siku mbili nikakuta alama nilizomnyima mtu kwa mambo ambayo yalikuwepo wazi. Nafikiria mpaka leo ni wangapi wametahiniwa na mtu aliyechoka saa nne usiku.

Nisisahau suala la kufahamiana. Ukimlea kocha huwezi kumtahini, hilo kila mtu analijua na ni rahisi kulifuata. Gumu ni lile linalokujia bila taarifa. Siku moja nilikuwa dakika ya nne ya rekodi nilipoitambua sauti ya mteja. Kocha sikumjua kabisa. Mteja alikuwa mtu ninayeonana naye mara kwa mara, na alikuwa anaanza kueleza habari za ndoa yake. Nilisimamisha rekodi, nikaifuta kwenye kompyuta yangu, nikawaandikia waratibu kwamba siwezi kuendelea, bila kueleza zaidi ya linalohitajika. Yule mtu aliridhia kusikilizwa na mtahini asiyemjua. Hakuridhia kusikilizwa na mimi. Nilipokutana naye wiki ile alinisalimu kwa furaha kama kawaida, nikaitikia, na zile dakika nne zimekaa pale zilipo.

Ninalotaka kulisema zaidi ya yote ni kuhusu kumwambia mtu kwamba hajafikia.

Barua yangu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa mbaya. Niliandika kwamba kocha "anahitaji kuongeza kina" na "awe na uwepo zaidi". Mwalimu aliisoma akaniuliza, "Wewe ungepewa hii, kesho asubuhi ungefanya nini tofauti?" Sikuwa na jibu. Ile barua ilikuwa inamwambia mtu ameshindwa, halafu inamwacha gizani. Nikaiandika mara nne. Toleo la mwisho lilisema kwamba katika dakika ya 6 mteja alisema "naogopa watanicheka", na swali lililofuata lilihusu tarehe ya mkutano. Kwamba katika dakika ya 19 kocha aliuliza maswali matatu mfululizo na mteja akajibu la mwisho tu. Kwamba kikao kilifungwa bila mteja kuulizwa anaondoka na nini. Nikaeleza pia yaliyosikika vizuri, kwa dakika na kwa maneno yake, maana yalikuwepo na alistahili kuyajua. Sikumwandikia swali ambalo mimi ningeuliza. Kufanya hivyo ni kumfundisha kuwa mimi, na hakuna kigezo kinachosema makocha wawe mimi.

Miezi kadhaa baadaye mlezi wake aliniletea ujumbe kupitia waratibu. Alisema kocha yule alilia siku aliyoipata barua, akaiweka kando wiki nzima, kisha akarudi kwenye rekodi yake na kuisikiliza dakika ya 6. Aliisikiliza mara nyingi. Akasema hakuwahi kujua kwamba mteja wake alisema anaogopa. Alikuwa chumbani, macho kwa macho na mteja, na hakusikia.

Ujumbe ule ulinifanya nichukue kikao changu mwenyewe, kwa ruhusa ya mteja wangu, nikakitahini kama cha mtu nisiyemjua. Kikao cha dakika 41. Niliunganisha maswali mawili katika pumzi moja mara tisa. Dakika ya 17 mteja alivuta pumzi ili aseme kitu, inasikika kabisa, na mimi nikaingia na muhtasari wa yale aliyokwisha kusema. Hatutajua alitaka kusema nini. Nilimwomba tukutane, nikamchezea sehemu ile, nikamwomba radhi. Akatabasamu akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka. Siku hizi nikiwa na mteja naiweka mikono yangu juu ya magoti, na kila ninapotaka kusema kitu naisubiri kwanza pumzi yake itoke.

Mwaka huu nimepewa watahini wapya wa kuwaongoza. Mmoja wao, binti mwenye utulivu mkubwa, aliniletea fomu ya rekodi ambayo mimi pia nilikuwa nimeitahini. Tulitofautiana mahali pamoja. Katika dakika ya 26 kocha alisema, "Na huo mlango, unauonaje sasa?" Mimi nilikuwa nimemnyima alama, kwa maelezo kwamba kocha amemletea mteja picha isiyo yake. Yeye alikuwa amempa alama kamili, na ameandika kwamba kocha ametumia lugha ya mteja.

Nikamuuliza, "Umeisikia wapi?"

Hakupekua. Alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari wa dakika ya tatu, akanisogezea. Mteja alikuwa amesema, kwa sauti ya chini na katikati ya jambo jingine kabisa, "ni kama nimesimama mbele ya mlango." Nilikuwa nimeisikiliza rekodi ile mara tatu.

"Naomba tuicheze tena, Mwalimu," akasema, "usikie anavyolitamka."

Tukaicheza. Nikaifungua fomu yangu, nikaifuta alama, nikaandika mpya, na pembeni yake nikaweka dakika zote mbili, ya 3 na ya 26.